Kuchagua Gitaa la Besi la Bei Nafuu Linalohimili Jukwaa: Mwongozo Kamili

Ukumbini, mwimbaji akisahau ubeti watu wanaendelea kucheza. Mpiga solo akikatikiwa na waya, wanaendelea kucheza. Besi ikizima, hata yule asiyeweza kukuonyesha besi ni gitaa lipi kati ya yale matatu anasimama na kugeukia jukwaani kutazama kulikoni. Mara ya kwanza nilipoliona hilo, besi iliyozima ilikuwa yangu. Ilikuwa harusi, Dar es Salaam, tumeshaingia kwenye sebene na maharusi wako katikati ya duara. Nilikuwa na besi mpya ya rangi ya dhahabu yenye vifundo vitano, niliyoinunua kwa karibu akiba yangu yote, na sikujua kwamba ndani yake kulikuwa na betri ya volti 9 ambayo siku moja ingeisha.

Tangu wakati huo nimepiga besi nyingi za watu, nimewasindikiza dukani vijana wa kwaya na wa bendi, na nimefungua kwa mkono wangu zile zilizogoma. Ninachokiamini ni hiki: besi nzuri ya jukwaani kwa mtu wa kipato cha kawaida ni ile unayoweza kuisahau ukiwa unapiga. Haikuchoshi bega, haitoki kwenye tyuni, haikwaruzi, na kila noti inatoka kwa nguvu ileile. Mambo hayo yote yanapimika kwa nusu saa ukiwa bado dukani na pesa zako zikiwa bado mfukoni.

Hatua ya kwanza: jua unapigia wapi

Kabla hujatazama gitaa lolote, jibu maswali machache. Shoo yako inachukua muda gani? Bendi ya dansi ikianza saa tatu usiku inaweza kushuka saa nane au tisa, na mpiga besi hapumziki hata pale waimbaji wanapopokezana. Kwaya inaweza kupiga nyimbo nne tu, lakini ikapanda jukwaani mara tatu kwa Jumapili. Mnatumia mitambo yenu au ya kukodi? Unafika kwa gari la bendi, kwa daladala au kwa bodaboda?

Kisha sikiliza muziki wenyewe. Katika nyimbo za NUTA Jazz iliyoanzishwa mwaka 1964, ambayo leo tunaijua kama Msondo, au za Mlimani Park iliyoanza mwaka 1978, gitaa zito, yaani besi, linaongea na kunyamaza, na zile nafasi za kimya ndizo zinazowafanya watu wayumbe. Sauti yake ni ya mviringo, fupi, isiyo na makali. Benga ya Kenya inaitaka besi iruke mbio juu shingoni na isikike kila noti. Injili ya siku hizi inataka noti za chini kabisa zinazotetemesha viti. Besi moja inaweza kufanya yote matatu, lakini haitayafanya kwa usawa, kwa hiyo chagua inayofaa kule unakopata riziki yako au unakotumika kila wiki.

Hatua ya pili: gawa pesa kabla hujaingia dukani

Kosa ninalolikuta mara nyingi ni mtu kumaliza pesa zote kwenye gitaa, kisha anaazima waya wa jeki kila Jumamosi. Chukua bajeti yako, weka pembeni kama theluthi moja, na usiiguse hata muuzaji akikuonyesha kitu kizuri kiasi gani. Theluthi hiyo italipia nyaya mbili za jeki zilizo imara, mkanda mpana, mfuko wenye sponji nene, seti ya nyuzi mpya, kazi ya fundi wa kuliseti gitaa, na kisanduku cha DI ambacho nitakieleza huko mbele.

Besi mpya za daraja ninalolizungumzia zina bei yake katika maduka ya Marekani na Ulaya, na zikifika kwetu hubeba juu yake usafiri, ushuru na faida ya mwenye duka. Ndiyo maana iliyotumika, ikichaguliwa vizuri, mara nyingi hukupa gitaa bora zaidi kwa pesa ileile. Kama una ndugu Ulaya anayerudi likizo, kumbuka kwamba gitaa kwenye ndege linataka kasha gumu au lishushwe nyuzi na kufungwa vizuri, na gharama ya kasha nayo ihesabu.

Hatua ya tatu: nyuzi nne au tano?

Besi ya nyuzi nne hutyuniwa E, A, D, G kutoka chini kwenda juu. E yake hutetema mara 41 kwa sekunde. Ya nyuzi tano huongeza B ya mara 31. Kwa dansi, rumba, taarab ya kisasa, benga na rege, nyuzi nne zinatosha kabisa, na nawashauri wengi waanzie hapo. Kwa pesa ileile, ya nyuzi nne huwa imetengenezwa vizuri zaidi, ni nyepesi zaidi, na seti ya nyuzi zake ni nafuu.

Kanisani hadithi ni tofauti. Wapiga kinanda wengi hupenda kupandisha nusu hatua kila ubeti wa mwisho, na waimbaji wengi hupatiwa sauti zao kwenye E bapa au D bapa. Kwenye besi ya nyuzi nne, E bapa ya chini kabisa haipo, maana waya wa E hauendi chini ya E. Inakubidi uruke juu kwa oktavu nzima, na pale wimbo unapotaka uzito, besi inapaa. Kwenye ya nyuzi tano, E bapa hiyo unaikuta kwenye freti ya nne ya waya wa B (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo), na D bapa freti ya pili. Ukipiga injili ya namna hiyo kila wiki, nyuzi tano si anasa.

Ila onyo: kwenye besi za bei nafuu, waya wa B ndio kitu cha kwanza kuharibika. Ukiupiga unalegea kama kamba ya kuanikia nguo, noti haina umbo. Jaribu freti tano za kwanza za waya huo kwa nguvu. Kama ni ukungu tu, iache. Wakati mwingine dawa ni waya mnene zaidi, wa unene wa inchi 0.130 badala ya 0.125, lakini usinunue gitaa kwa matumaini. Na kama nyuzi tano haziko ndani ya bajeti, unaweza kushusha waya wa E hadi D na ukapata noti mbili za ziada bila kulipa chochote.

Kuhusu urefu: besi nyingi zina inchi 34, yaani milimita 864, kutoka kichwani hadi darajani, pale nyuzi zinaposhikwa mwilini mwa gitaa. Kipimo hicho kilienea na Precision, besi ya Leo Fender wa Marekani iliyotoka mwaka 1951. Kama mikono yako ni mifupi au mpigaji ni kijana mdogo, zipo za inchi 30. Zinapigika kwa urahisi na sauti yake ni nene, ingawa zinapoteza kidogo ule ukali wa chini.

Hatua ya nne: sumaku, betri, na kinachosikika kweli ukumbini

Pikapu, zile sumaku zilizo chini ya nyuzi, ndizo zinazoamua tabia ya gitaa kuliko mbao na kuliko rangi. Zipo za aina tatu utakazokutana nazo sana.

Ya kwanza ni ya mtindo wa Precision: pikapu moja iliyogawanywa vipande viwili vilivyopishana, mtindo uliokuja mwaka 1957 na haujabadilika. Vipande hivyo viwili vinafutiana muungurumo wa umeme. Sauti yake imejaa katikati, nayo hupenya bendi ya watu kumi na mbili bila kupiga kelele. Ya pili ni ya mtindo wa Jazz Bass ya mwaka 1960: pikapu mbili nyembamba. Ukifungua zote kwa usawa zinafutiana muungurumo, ukifungua moja tu utasikia zzzz ukisimama karibu na jenereta au taa za disko. Ya tatu ni pikapu pana yenye betri, mtindo uliopata umaarufu na Music Man StingRay mwaka 1976. Siku hizi utakuta pia mchanganyiko, ya Precision mbele na ya Jazz nyuma, na kwa mtu anayepiga dansi Ijumaa na kanisani Jumapili ndio mpangilio ninaoupenda kuliko yote.

Sasa tuseme kuhusu betri. Besi yenye betri ina kikuzaji kidogo ndani, kinakuwezesha kuongeza au kupunguza sauti za chini na za juu hapohapo kifuani. Sauti inatoka na nguvu, na waya mrefu hauifishi. Hasara zake ni mbili. Betri ikiisha, nyingi huzima kabisa au hukwaruza kwanza kisha huzima. Na vifundo vile vinamshawishi mpigaji kuongeza besi hadi mwisho, jambo linaloharibu shoo nyingi kuliko betri.

Nieleze kwa nini, maana hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Spika nyingi za kukodi, zile za inchi 12 au 15 zinazosimama kwenye stendi, haziwezi kutoa vizuri mtetemo wa mara 41 kwa sekunde. Msikilizaji anaisikia noti ya E kwa sababu ya mitetemo ya juu inayoandamana nayo, ile ya 82 na mingine inayopanda hadi mamia. Ukizidisha chini, spika inahangaika, amplifaya inachoka, na noti yenyewe haisikiki, kinabaki kishindo. Nyumbani, kwenye sabufa, gitaa lenye chini nyingi linavutia sana. Ukumbini linamezwa. Kwa hiyo ukiwa dukani sikiliza katikati: je, unaweza kuimba noti unayoipiga? Ukiweza, na wachezaji wataisikia.

Kwa anayenunua besi yake ya kwanza ya jukwaani, mimi nasema chukua isiyo na betri.

Hatua ya tano: majina ya kuanzia

Majina haya ni ya kukupa pa kuanzia, maana gitaa mbili za modeli moja zinaweza kutofautiana. Yamaha TRBX174 haina betri, ina pikapu ya Precision na ya Jazz, na ina freti 24. Ni farasi wa kazi. Yamaha BB234 ina mchanganyiko huohuo wenye sauti ya kizamani zaidi, na ni chaguo langu kwa dansi. Squier, jina la bei nafuu la Fender, ina Affinity Precision na Affinity Jazz, na ngazi moja juu yake Classic Vibe. Ibanez GSR200 ina shingo nyembamba inayowafaa wenye vidole vifupi. Kwa nyuzi tano tazama Ibanez GSR205 na Yamaha TRBX305, zote mbili zina betri. Wanaoagiza kutoka Ujerumani watakuta Harley Benton, jina la duka la Thomann, ambalo kwa bei yake linastahili kutazamwa.

Usidanganywe na jina lililoandikwa kichwani. Jina hubandikwa, na gitaa bandia zenye nembo kubwa zipo sokoni. Ukiambiwa ni Fender ya Marekani kwa bei ya Squier, angalia maungio ya shingo na mwili: kama pana uwazi unaopitisha kadi, kama skrubu zimekaa upande, au rangi imevuka mipaka, una jibu.

Hatua ya sita: nusu saa ya dukani

Nenda asubuhi, siku ya kazi, duka likiwa tulivu. Beba waya wako wa jeki, mkanda wako, simu yenye programu ya kutyuni, na rula ndogo ya milimita. Msalimie mwenye duka, mweleze kwamba unatafuta la kupigia shoo na ungependa kujaribu ukiwa umesimama. Muuzaji mzuri hatakasirika. Anayekuharakisha amekwishakwambia jambo.

Anza bila umeme. Shika gitaa kama bunduki, jicho lako likiwa upande wa mwili, tazama shingo hadi kichwani. Mstari wa upande wa kulia na wa kushoto iwe sambamba. Kama mmoja unapanda na mwingine unashuka, shingo imejipinda kama kamba, na hilo halina dawa ya bei nafuu. Mkunjo mdogo wa mbele, kama upinde, ni wa kawaida na unarekebishika.

Kuupima mkunjo huo, bana waya wa E kwenye freti ya kwanza kwa mkono wa kushoto na freti ya mwisho kwa mkono wa kulia, kisha tazama kati ya waya na freti ya saba au ya nane. Inatakiwa uwazi wa milimita 0.3 hivi, unene wa kadi ya biashara. Kama waya umelala kabisa au uwazi ni wa kupitisha sarafu, muulize muuzaji kama fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo inazunguka. Akuonyeshe kwa ufunguo wake, robo ya mzunguko tu. Fimbo iliyokwama au iliyofika mwisho ni sababu ya kuondoka.

Pitisha kiganja taratibu pembeni mwa shingo. Vyuma vikikukwaruza ni dosari ndogo ya kupigwa tupa. Hutokea sana mbao zikikauka, gitaa likitoka kwenye unyevu kwenda kwenye ukavu.

Sasa vaa mkanda, simama, na uachie mikono yote miwili. Usiruke hatua hii hata ukiona aibu. Kama kichwa kinaanguka kuelekea sakafuni, mkono wako wa kushoto utakuwa unabeba shingo usiku mzima badala ya kupiga. Gitaa lenye pembe ndefu ya juu, inayofika usawa wa freti ya 12, kwa kawaida husimama vizuri. Pima pia uzito. Chini ya kilo 4 ni raha, zikifika 4.5, kwa shoo inayochukua saa tano bega litalia. Kaa nalo dakika kumi zilezile unapoendelea na majaribio mengine.

Tyuni. Simu nyingi hazisikii vizuri E ya chini, kwa hiyo gusa waya kwa wepesi juu kabisa ya freti ya 12 bila kubana, upate ile sauti ya kengele, na programu itaisoma. Kisha bana freti ya 12 hiyohiyo na uilinganishe. Zikitofautiana kidogo, daraja linahitaji kusogezwa, kazi ya dakika tano. Zikitofautiana sana na visogezo vya daraja vimekwisha mwendo, liache.

Piga kila freti ya kila waya. Besi ya nyuzi nne na freti 20 ina noti 80 za kubana, dakika tatu zinatosha. Unasikiliza vitu viwili. Kwanza, mkwaruzo: noti moja ikikwaruza peke yake, kuna freti iliyoinuka; zote zikikwaruza, nyuzi ziko chini mno. Pili, noti zilizokufa, zinazozima haraka kuliko jirani zake. Kwenye besi nyingi zenye shingo ya skrubu hilo hutokea kwenye waya wa G, kati ya freti ya tano na ya saba. Noti moja dhaifu kidogo ni ya kuvumilia, lakini hakikisha siyo ile unayoitegemea katika nyimbo zenu.

Chomeka kwenye amplifaya sasa, sauti ya wastani, vifundo vya amplifaya vyote katikati. Zungusha kila kifundo cha gitaa kutoka sifuri hadi mwisho. Mchakacho mdogo ni vumbi, dawa ya kupulizia ya kusafishia swichi inauondoa. Sauti inayokatika ni kifundo kilichokufa. Tikisa plagi ya waya pale inapoingia kwenye gitaa, kwa upole lakini kweli, kama vile umeukanyaga. Tundu la jeki lililolegea ndilo lililowazimisha wapiga besi wengi kuliko kitu kingine chochote ninachokijua. Kama ni nati tu inakazwa, lakini kama waya wa ndani umeachia solda, dai kitengenezwe kabla hujalipa.

Shika nyuzi kwa kiganja. Muungurumo ukipungua, waya wa ardhi wa gitaa uko sawa. Ukiongezeka, kuna tatizo, kwenye gitaa au kwenye umeme wa duka. Jaribu gitaa jingine palepale ujue ni wapi.

Mwisho, piga nguvu. Wimbo unaoujua, kwa mkono wa jukwaani, dakika tano mfululizo, kisha pima tyuni tena. Kama E imeshuka, angalia vikazio vya kichwani kama vinacheza, na kama waya umezungushwa angalau mara mbili kwenye kikazio. Nyuzi mpya hulegea kwa kawaida. Nyuzi za zamani zikilegea, kikazio ni kibovu.

Kwa iliyotumika

Yote yaliyotangulia, na mengine mawili. Angalia freti tano za kwanza chini ya nyuzi za D na G, kama zimechimbika mifereji. Mifereji isiyo na kina huweza kusawazishwa na fundi. Yenye kina inamaanisha freti mpya, na gharama hiyo mara nyingi inakaribia bei ya gitaa lenyewe. Kisha fungua kifuniko cha nyuma, kwa ruhusa. Kutu ya kijani kwenye nyaya na kwenye kiota cha betri inakuambia gitaa limeishi wapi. Kwetu Pwani, kuanzia Mombasa hadi Mtwara na visiwani, hewa ya chumvi inakula chuma kimyakimya, na gitaa lililoletwa kutoka Arusha linaweza kuwa na vyuma safi kuliko la umri huohuo lililokaa Zanzibar.

Uliza kwa nini linauzwa. Wengi husema kweli.

Hatua ya saba: liseti kabla ya shoo ya kwanza

Gitaa jipya kutoka dukani halijasetiwa kwa mkono wako wala kwa hali ya hewa yako. Mpe fundi, au jifunze mwenyewe, maana ukijua utaokoa pesa kila mwaka. Mpangilio ni huu na usigeuzwe: nyuzi mpya, tyuni, shingo, kimo, daraja.

Shingo unaikaza kwa kuzungusha ufunguo kuelekea kulia, inanyooka. Kushoto, inajikunja mbele. Robo mzunguko, tyuni tena, subiri, pima tena. Usilazimishe hata mara moja. Kimo cha nyuzi kipime kwenye freti ya 12: milimita 2.5 kwa waya wa E na 2 kwa G ni pazuri pa kuanzia kwa anayepiga kwa vidole. Ukiwa mtu wa kukung'uta kwa nguvu, pandisha kidogo. Kwenye daraja, kama noti iliyobanwa freti ya 12 iko juu kuliko ile ya kengele, sogeza kikalio cha waya, kile kipande kinachoushika darajani, nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kisogeze mbele.

Bendi inayosafiri ijue kwamba shingo iliyosetiwa Dar es Salaam itabadilika ukikaa wiki nzima Dodoma wakati wa kiangazi. Ufunguo wa shingo uwe ndani ya mfuko wa gitaa daima.

Kuhusu nyuzi: unene wa inchi 0.045 hadi 0.105 ndio wa kawaida. Nyuzi zenye mizunguko ya duara zinang'aa na kuuma, nzuri kwa benga na injili. Zile laini, zilizozungushiwa waya bapa, zina sauti ya mviringo ya dansi ya zamani, hazilii chini ya vidole, hazichimbi freti, na zinadumu miaka. James Jamerson, aliyepiga besi nyingi za kampuni ya muziki ya Motown kule Detroit, alizitumia kwenye Precision yake ya mwaka 1962. Bei yake ni kubwa mara moja, lakini kwa mtu wa Pwani ambaye nyuzi zake hupata kutu baada ya miezi miwili, mimi naziona ndizo za bei nafuu.

Hatua ya nane: kutoka kwenye gitaa hadi kwenye spika

Waya wa jeki wa gitaa lisilo na betri usizidi mita 6 hivi. Ukizidi, makali ya juu yanapotea. Mikisa, mtambo wa kuchanganyia sauti, iko nyuma ya ukumbi, mita 30 mbali. Hapo ndipo kisanduku cha DI kinapofanya kazi: kinapokea jeki, kinatoa waya wa maiki unaoweza kwenda mbali bila kuokota kelele. Kwa besi isiyo na betri nunua DI inayotumia umeme, wa betri au wa volti 48 kutoka kwenye mikisa, maana haiinyonyi pikapu. Kwa besi yenye betri, DI ya kawaida isiyohitaji umeme inatosha.

Ukiwa na DI, huhitaji amplifaya kubwa. Ya wati 100, karibu na masikio yako, inakutosha kujisikia, na ukumbi unapata besi kutoka kwenye mitambo mikubwa. Bila mitambo ya kukusaidia, dhidi ya dramu na tumba, wati 200 au 300 ndizo zitakazokufanya upumue. Usichomeke besi kwenye amplifaya ya gitaa la solo na kuifungua hadi mwisho. Utapasua spika ya mwenzio.

Fundi mitambo akikuuliza unataka nini, mwombe akate kila kilicho chini ya mara 35 au 40, apunguze kidogo kati ya 200 na 300 panapovimba, na aongeze kidogo kwenye 700 au 800. Kisha mwombe mpiga dramu apige ile dramu ya mguu peke yake, wewe uingie. Mkisikika wawili, kazi imekwisha.

Jambo moja la usalama ambalo sitalipitia haraka. Nyuzi za besi zimeunganishwa na waya wa ardhi. Kama mitambo ya maiki imechomekwa kwenye umeme mwingine, au ukumbi hauna ardhi, ukishika nyuzi na kugusa maiki kwa midomo unaweza kupigwa shoti, na shoti hiyo inaweza kuua. Kabla hujaimba kiitikio, mwombe fundi umeme apime kati ya maiki na nyuzi kwa mita. Chomekeni vyombo vyote vya jukwaani kwenye chanzo kimoja. Kama hakuna anayeweza kukuhakikishia, piga tu besi, waachie wengine waimbe.

Mfuko wa shoo

Weka waya wa pili wa jeki, seti ya nyuzi hata kama ni zilizotumika, betri mpya ya volti 9 ikiwa gitaa lako linaitaka, funguo zake, bisibisi, na kitambaa kikavu. Mkanda ukiwa na tabia ya kuchomoka, kata pete mbili za mpira wa ndani wa baiskeli uzivishe kwenye vishikizo juu ya mkanda. Gitaa halitaanguka tena. Kwenye bodaboda gitaa likae mgongoni mwako, kichwa juu, usimpe dereva alilaze mbele.

Shoo ikiisha, chomoa waya wa jeki kwenye gitaa kabla hujafanya jambo jingine lolote, kwa sababu besi yenye betri huendelea kuila maadamu waya umechomekwa, hata vifundo vikiwa sifuri. Futa kila waya juu na chini kwa kitambaa, jasho bado likiwa bichi. Usiliache ndani ya gari hadi asubuhi jua likachomoza juu yake. Na kama ulisikia mchakacho hata mara moja usiku huo, uandike kwenye simu palepale, ulipeleke gitaa kwa fundi kabla ya Ijumaa.